Vituo vya wachuuzi wa chakula (Singapuri)

Vituo vya wachuuzi wa chakula ni majengo ya umma nchini Singapuri ambamo wapishi wengi, kila mmoja akiwa na kibanda chake kidogo, huuza vyakula vilivyopikwa kwa bei nafuu kuanzia alfajiri hadi usiku. Wateja hula kwenye meza za pamoja zilizopangwa katikati ya vibanda. Kwenye vibao vya barabarani majengo hayo huandikwa *Hawker Centre* au *Food Centre*, na kwa msafiri mgeni hayo ndiyo maneno ya kuyatafuta.

Singapuri huhesabiwa kati ya miji ghali duniani kwa malazi na kwa migahawa. Hata hivyo mtu aweza kupata kifungua kinywa, chakula cha mchana na cha jioni katika vituo hivi kwa gharama iliyo ndogo kuliko mlo mmoja wa hotelini. Wanaokula humo si watalii au watu wa kipato kidogo pekee: mfanyakazi wa benki, fundi bomba, mwanafunzi na mstaafu hukaa meza moja.

Kuna vituo zaidi ya 110 vilivyotawanyika kote kisiwani. Kazi ya kuvisimamia ni ya Shirika la Taifa la Mazingira, linalojulikana kwa kifupi NEA. Tarehe 16 Desemba 2020 UNESCO iliuandikisha utamaduni wa vituo hivyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Ulikuwa urithi wa kwanza wa Singapuri kuingia katika orodha hiyo.

## Historia

### Wachuuzi wa mitaani

Mwaka 1819 Waingereza walianzisha kituo cha biashara Singapuri, na bandari ikakua haraka. Watu walihamia kutoka kusini mwa China, Uhindi na visiwa vya Malay. Wengi wao walikuwa wanaume waliokuja peke yao kufanya kazi ya kupakua mizigo, kujenga au kuvuta riksho. Walilala wengi katika chumba kimoja, bila jiko wala muda wa kupika, kwa hiyo walitegemea chakula cha mtaani.

Wachuuzi walizunguka na mti begani wenye vikapu viwili: upande mmoja jiko la mkaa na sufuria, upande wa pili bakuli na viungo. Wengine walisukuma mikokoteni. Wauza tambi waligonganisha vipande vya mianzi ili wateja wasikie kwamba wamefika. Kila jamii ilipika chakula cha kwao, lakini kwa kuwa wote waliuza mtaa mmoja, waliigana. Ndiyo sababu vyakula vingi vya Singapuri leo havina asili moja.

Uchuuzi huo ulikuwa na hatari zake. Maji safi hayakuwepo mitaani, vyombo vilioshwa katika ndoo moja mchana kutwa, na mabaki yalimwagwa mitaroni. Kipindupindu na homa ya matumbo vilisumbua mji. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilijenga mabanda machache ya kuwakusanya wachuuzi, lakini wengi walibaki mitaani. Baada ya utawala wa Wajapani (1942–1945) ajira zilikuwa chache na idadi ya wachuuzi ikaongezeka sana, maana ilikuwa kazi iliyoweza kuanzishwa kwa mtaji mdogo. Mwaka 1950 iliundwa tume ya kuchunguza suala hilo. Wasimamizi wa mji waliwaona wachuuzi kuwa kero, lakini walifahamu pia kwamba ndio waliowalisha maskini.

### Kuhamishwa

Singapuri ilipata uhuru kamili tarehe 9 Agosti 1965. Katika miaka ya 1968 na 1969 serikali iliwaandikisha wachuuzi wote na kuwapa leseni. Kuanzia mwaka 1971 ilijenga vituo vyenye maji ya bomba, umeme, mifereji ya majitaka na mahali pa kutupa taka, ikawahamishia humo kwa awamu. Usafishaji wa Mto Singapuri, ulioanza mwaka 1977 na kuchukua miaka 10, uliharakisha kazi hiyo kwa sababu mabaki ya wachuuzi yalikuwa moja ya vyanzo vya uchafu wa mto. Kufikia mwaka 1986 wachuuzi wa mitaani walikuwa wamehamishwa.

Si wachuuzi wote waliofurahi. Wengine walihofia kupoteza wateja wao wa miaka mingi, na mchuuzi aliyekuwa halipi chochote sasa alitakiwa kulipa kodi kila mwezi. Mambo mawili yalisaidia. Kwanza, kodi iliwekwa chini kwa makusudi. Pili, vituo vingi vilijengwa katikati ya nyumba za serikali, karibu na soko na kituo cha basi. Zaidi ya robo tatu ya wakazi wa Singapuri huishi katika nyumba hizo, hivyo mteja alikutana na kituo njiani akienda au akirudi kazini.

### Baada ya 1986

Kwa takriban miaka 25 hakuna kituo kipya kilichojengwa. Mwaka 2001 ulianza mpango wa kuvikarabati vilivyokuwepo. Mwaka 2011 serikali ilitangaza kwamba itajenga vipya, na vya kwanza vilifunguliwa mwaka 2015.

Mwaka 2020 janga la Uviko-19 lilivikumba vituo. Kuanzia tarehe 7 Aprili hadi katikati ya Juni wateja hawakuruhusiwa kukaa na kula. Waliweza kununua na kuondoka tu. Wachuuzi wazee ambao hawakuwahi kuuza kwa simu walilazimika kujifunza, mara nyingi kwa msaada wa watoto wao au majirani.

## Muundo wa kituo

Kituo cha kawaida ni jengo lenye paa na lisilo na kuta za nje, ili hewa ipite. Hakuna kiyoyozi; kuna feni kubwa darini. Vibanda hupangwa kwa safu, kila kimoja kikiwa na namba, jina, picha za vyakula na bei. Kibanda ni kidogo: jiko, sinki, kabati la kioo na nafasi ya watu wawili au watatu. Kwa hiyo mchuuzi hupika aina chache tu za chakula, pengine moja, na huipika kwa miaka 30 au 40. Ubora wa chakula cha bei ndogo unatokana kwa sehemu kubwa na mazoea hayo.

Mara nyingi kituo huungana na soko la nyama, samaki na mboga, ama jengo moja ama ghorofa ya chini.

Msafiri hutakiwa kutofautisha sehemu tatu zinazofanana:

- Kituo cha wachuuzi: jengo la umma, vibanda vya wachuuzi mbalimbali, bei ndogo kuliko zote.
- Kopitiam: duka la kahawa la mtaani, mara nyingi chini ya jengo la nyumba. Jina limeunganishwa kutoka neno la Kimalay *kopi* (kahawa) na la Kihokkien *tiam* (duka). Mwenye duka huuza vinywaji na kupangisha vibanda vichache. Bei hukaribia zile za vituo.
- Ukumbi wa chakula wa madukani: upo ndani ya jengo la maduka, una kiyoyozi na huendeshwa na kampuni. Bei huwa juu zaidi.

## Kifungua kinywa

Vibanda vya asubuhi hufunguliwa mapema, vingine saa 12 alfajiri, na vingi hufunga chakula kikiisha, pengine kabla ya saa 6 mchana. Anayefika saa 5 hukuta vilivyo bora vimekwisha.

### Mkate wa kaya, mayai na kahawa

*Kaya* ni mchanganyiko mzito wa tui la nazi, mayai, sukari na majani ya pandani, mmea wa jenasi moja na mkadi unaojulikana pwani ya Afrika ya Mashariki. Hupakwa kwenye mkate uliochomwa pamoja na kipande cha siagi baridi. Huliwa na mayai mawili yaliyochemshwa kidogo tu; mteja huyapasua mwenyewe katika kisahani, huongeza sosi ya soya na pilipili manga nyeupe, akayakoroga. Mlo huu ulienezwa na wahamiaji kutoka kisiwa cha Hainan, ambao wengi wao walikuwa wapishi katika nyumba za Waingereza na katika meli, kisha wakafungua maduka yao ya kahawa.

Kahawa ya hapo hukaangwa pamoja na sukari na siagi au majarini, huchujwa kwa mfuko mrefu wa kitambaa, na huwa nyeusi na kali. Neno *kopi* lina asili moja na neno kahawa la Kiswahili, yaani *qahwa* ya Kiarabu, ila *kopi* lilipitia Kiholanzi. Asiyesema zaidi ya *kopi* ataletewa kahawa yenye maziwa mazito ya kopo yenye sukari. Maneno yafuatayo humsaidia mteja kupata anachotaka:

- kopi – kahawa yenye maziwa mazito ya sukari
- kopi-o – kahawa nyeusi yenye sukari
- kopi-c – kahawa yenye maziwa ya kopo yasiyo matamu, pamoja na sukari
- kosong – bila sukari (neno la Kimalay lenye maana ya "tupu")
- siew dai – sukari kidogo
- gao – kali zaidi
- poh – nyepesi
- peng – yenye barafu

Maneno huunganishwa: *kopi-o kosong* ni kahawa nyeusi isiyo na sukari, nayo kwa kawaida ndiyo ya bei ndogo kuliko zote. Kwa chai, neno *teh* huchukua nafasi ya *kopi*. *Teh tarik* ni chai ya maziwa inayomiminwa kutoka kikombe hadi kikombe kwa urefu wa mkono mpaka itoe povu.

### Vyakula vingine vya asubuhi

- Nasi lemak: wali uliopikwa kwa tui la nazi na pandani, ukiandamana na dagaa waliokaangwa, karanga, tango, yai na *sambal*, yaani kitoweo cha pilipili. Mtu wa Pwani atautambua mara moja kuwa ndugu wa wali wa nazi.
- Roti prata: chapati ya matabaka yenye asili ya kusini mwa Uhindi, hurushwa hewani ili iwe nyembamba, hukunjwa na kukaangwa. Huliwa na mchuzi wa samaki, wa mbuzi au wa dengu. Malaysia huitwa *roti canai*.
- Thosai, idli na vadai: vyakula vya Kitamil vya mchele na dengu. Mara nyingi havina nyama, hivyo huwafaa wasiokula nyama.
- Chwee kueh: vikeki vidogo vya unga wa mchele vilivyopikwa kwa mvuke, juu yake figili iliyohifadhiwa kwa chumvi na kukaangwa.
- Keki ya karoti: jina humpotosha mgeni, kwani si tamu wala haina karoti. Ni vipande vya unga wa mchele na figili nyeupe vilivyokaangwa na mayai. "Nyeupe" ni ya chumvi. "Nyeusi" imeongezwa sosi tamu ya soya.
- Bee hoon: tambi nyembamba za mchele zilizokaangwa. Mteja huongeza yai, mboga au kipande cha samaki wa kusaga, na hulipa kulingana na alivyochagua.
- Uji wa mchele: huuzwa na vipande vya samaki, kuku au nguruwe.

## Chakula cha mchana na jioni

Wali wa kuku wa Hainan ndio mlo unaojulikana zaidi. Kuku hupikwa polepole katika maji yasiyochemka sana, kisha wali hupikwa kwa mchuzi na mafuta yake pamoja na tangawizi na vitunguu saumu. Huletwa na pilipili ya kusaga, tangawizi na sosi nzito ya soya.

Wali na mboga za kuchagua, unaoitwa *cai png*, ndio mlo wa wafanyakazi wa kila siku. Kabati la kioo huwa na sahani 10 hadi 20 za mboga, mayai, tofu, samaki na nyama. Mteja huonyesha kwa kidole vitu viwili au vitatu, navyo huwekwa juu ya wali. Mboga na tofu ni bei ndogo; samaki na kamba hupandisha bei. Hakuna haja ya kujua jina la chakula chochote, ndiyo maana mlo huu humfaa sana mgeni.

Vyakula vingine ni *laksa* (tambi katika mchuzi wa nazi na viungo), *char kway teow* (tambi pana zilizokaangwa katika karai la moto mkali, kwa desturi na kombe na mafuta ya nguruwe), *mee goreng* (tambi za kukaanga za Waislamu wenye asili ya Uhindi), biriani, tambi za vidonge vya samaki, na *satay*, ambayo ni mishikaki midogo yenye mchuzi wa karanga.

Vinywaji hununuliwa katika kibanda chake. Juisi ya miwa, ya ndimu na maji ya madafu hupatikana karibu kila kituo. Baada ya mlo wengi hula *cendol*, yaani barafu iliyokwanguliwa yenye tui la nazi, sukari ya mnazi na vijiti vya kijani vya unga.

## Bei

Bei zifuatazo ni za makadirio kwa dola za Singapuri katikati ya miaka ya 2020. Hutofautiana kati ya kituo na kituo:

- kahawa au chai: 1.20 hadi 2
- roti prata tupu, moja: 1.20 hadi 2
- mkate wa kaya, mayai mawili na kahawa: 3 hadi 6
- nasi lemak: 3 hadi 6
- wali na mboga za kuchagua: 3.50 hadi 6
- wali wa kuku: 3.50 hadi 6

Bei iliyo kwenye kibao ndiyo anayolipa mteja. Katika migahawa mingi ya Singapuri bei ya menyu huongezewa asilimia 10 ya huduma, kisha kodi ya bidhaa na huduma, ambayo tangu tarehe 1 Januari 2024 ni asilimia 9. Chakula kilichoandikwa dola 20 hufika karibu dola 24. Kwenye vituo hakuna ada ya huduma wala bakshishi, na wachuuzi wengi hawamo katika mfumo wa kodi hiyo kwa sababu mauzo yao ya mwaka hayafiki dola milioni 1.

Tahadhari inahitajika kwa samaki, kamba na kaa, ambao huuzwa kwa uzito. Bei iliyoandikwa mara nyingi ni ya gramu 100, si ya sahani. Mteja anapaswa kuuliza jumla kabla ya samaki kuingia jikoni.

## Utaratibu wa kula

1. Kupata meza. Wenyeji huweka pakiti ya karatasi laini, kadi ya kazi au mwavuli mezani ili kuonyesha kwamba pana mtu. Desturi hii huitwa *chope*. Mgeni asiondoe pakiti hiyo akidhani imesahauliwa. Kukaa na watu usiowajua ni jambo la kawaida. Huulizwa tu kama kiti kina mtu.
2. Kusoma namba ya meza. Baadhi ya wachuuzi huleta chakula mezani na huuliza namba. Penye kibao cha kujihudumia, mteja hungoja na kubeba mwenyewe.
3. Kupanga foleni. Foleni ndefu ya wenyeji ni dalili nzuri kuliko picha kubwa ya tangazo.
4. Kuagiza. Kiingereza hueleweka mahali pengi. Wachuuzi wazee huitwa *uncle* na *auntie* hata na wasio jamaa zao, kama vile huku watu wanavyosema mjomba, shangazi au mama. Anayetaka kuondoka na chakula husema *dabao*.
5. Kulipa. Fedha taslimu ndogo ndogo ndiyo njia ya uhakika. Wenyeji hulipa kwa simu kwa kupiga picha ya msimbo, lakini si kila kibanda hupokea kadi ya benki ya nje.
6. Kurudisha sinia. Tangu tarehe 1 Septemba 2021 sheria ya kurudisha sinia na kuondoa uchafu mezani inatekelezwa. Anayekamatwa mara ya kwanza huandikiwa onyo. Mara ya pili faini ni dola 300.

Vituo hufungwa siku kadhaa kila baada ya miezi michache kwa usafi mkubwa, na tarehe hutangazwa na NEA. Isitoshe, kila mchuuzi ana siku yake ya kupumzika, na wengi huchagua Jumatatu.

## Afya na masharti ya dini

Vibanda hukaguliwa na serikali. Kuanzia mwaka 1997 vilipewa alama za usafi kutoka A hadi D, nazo zilibandikwa mahali pa kuonekana. Alama hizo zilihusu usafi, si ladha. Maji ya bomba ya Singapuri ni salama kunywa, hivyo barafu haina wasiwasi wa maji machafu.

Waislamu hutafuta cheti cha halali kinachotolewa na Baraza la Dini ya Kiislamu la Singapuri (MUIS). Maandishi ya kusema kwamba kibanda hakitumii nyama wala mafuta ya nguruwe si sawa na cheti hicho, kwa kuwa hayaelezi jinsi mnyama alivyochinjwa. Katika vituo vingi kuna mahali pawili pa kurudishia sinia, pa halali na pasipo halali, na vyombo huoshwa mbalimbali. Kuchanganya sinia huwasumbua wengine, kwa hiyo ni vyema kusoma kibao kwanza.

Wasiokula nyama hupata vibanda vya Wabuddha na vya Wahindu. Wenye mzio wafahamu kwamba karanga zimo katika satay, na kwamba sambal kwa kawaida huwa na *belacan*, yaani kamba waliosagwa na kuchachushwa.

## Baadhi ya vituo

- Maxwell: karibu na mtaa wa Wachina. Hujulikana kwa wali wa kuku. Kituo cha treni cha jina hilo kilifunguliwa Novemba 2022.
- Chinatown Complex: ndicho kikubwa kuliko vyote, kikiwa na vibanda vya chakula zaidi ya 200 ghorofani.
- Tekka: katika mtaa wa Wahindi. Pana biriani, prata na thosai, na soko kubwa upande wa pili.
- Geylang Serai: kitovu cha vyakula vya Kimalay, Waislamu hupata chaguo pana.
- Tiong Bahru: ghorofani juu ya soko, kizuri hasa asubuhi kwa chwee kueh.
- Adam Road: hujulikana kwa nasi lemak.
- Newton: hutembelewa sana usiku na watalii, hasa kwa samaki na kamba. Bei huwa juu kuliko za mitaani.
- Lau Pa Sat: jengo la chuma la mwaka 1894 lenye pembe nane, katikati ya mabenki. Jioni wauza satay huweka majiko yao barabarani kando yake.

Mgeni mwenye fedha kidogo hupata nafuu zaidi katika vituo vilivyo mbali na mitaa ya watalii, kwenye maeneo ya nyumba za serikali, na treni humfikisha kwa nauli ndogo.

## Umaarufu na mashaka ya kesho

Mwaka 2016 mwongozo wa Michelin ulitolewa Singapuri kwa mara ya kwanza, na nyota moja ikapewa kibanda cha Chan Hon Meng katika Chinatown Complex. Mlo wake wa kuku wa sosi ya soya uliuzwa kwa takriban dola 2 za Singapuri, na magazeti ya nchi nyingi yaliuita mlo wa nyota wa bei ndogo kuliko yote duniani. Nyota hiyo iliondolewa mwaka 2021, baada ya mpishi kupanua biashara.

Lakini umaarufu haukuondoa tatizo kubwa la vituo: nani atapika kesho? Wakati UNESCO ilipouandikisha utamaduni huu, umri wa kati wa wachuuzi ulikuwa takriban miaka 60. Kazi huanza kabla ya alfajiri, husimamiwa kwa saa nyingi mbele ya moto, na wachuuzi wengi waliwasomesha watoto wao kwa fedha hizo ili wasilazimike kuifanya. Kibanda kikifungwa, mara nyingi mapishi huondoka na mwenyewe, maana hayakuandikwa popote.

Tatizo la pili ni bei yenyewe. Wakazi huiona bei ndogo kuwa haki yao, na mchuuzi akiongeza senti 50 husikia malalamiko. Wakati huohuo mafuta, kuku, umeme na mishahara vimepanda. Wachuuzi wa kizazi kilichohamishwa kutoka mitaani hulipa kodi yenye ruzuku, lakini wanaoingia sasa hushindana kwa zabuni. Mwaka 2024 zabuni moja ilizidi dola 10,000 kwa mwezi, jambo lililozua mjadala, ingawa vibanda vingi hupatikana kwa kodi iliyo chini sana ya hapo. Mwaka 2018 palitokea pia malalamiko kwamba baadhi ya waendeshaji wa vituo vipya waliwatoza wachuuzi ada nyingi na kuwawekea masharti ya saa za kazi.

Serikali imejaribu njia kadhaa. Leseni ya kibanda hutolewa kwa raia na wakazi wa kudumu tu, na upangishaji wa kibanda kwa mtu mwingine umepigwa marufuku ili kodi isipandishwe na madalali. Tangu mwaka 2018 wanaoanza hupewa vibanda vyenye vifaa kwa kodi iliyopunguzwa, na mwaka 2020 ulianza mpango wa mafunzo ambamo wageni wa kazi hufundishwa na wachuuzi wazoefu.

Baadhi ya wenyeji husema kwamba sahani ya dola 4 haiwezi kumlipa vizuri mpishi wa miaka 40, na kwamba anayependa chakula hicho akubali kulipa zaidi. Wengine hujibu kwamba vituo vilijengwa ili mtu wa kipato kidogo ale vizuri karibu na kwake, na vikiwa ghali vitakuwa migahawa kama mingine. Hoja zote mbili zina msingi, na mustakabali wa vituo unategemea jinsi zitakavyopatanishwa.

## Tazama pia

- Singapuri
- Mama lishe
- Chapati
- Kahawa
- Wali wa nazi
- Urithi wa utamaduni usioshikika